Ree na ghulamu mkononi, mimi wa kwanza kusema: niingie au nitupe?

NahodhaWaKioo (Malindi)

Assalaam aleikum wanabaraza, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni nahodha wa boti ya kioo hapa Malindi, zile zinazopeleka wageni kuangalia samaki kwenye hifadhi ya bahari. Msimu huu wa kusi kazi hakuna. Maji yamechafuka, ukiinama kwenye kioo unaona mchanga na mwani tu, na wageni wenyewe wamerudi kwao. Boti nimeipandisha pwani, mchana naipiga kalafati na sifa (mafuta ya papa), na Alhamisi usiku baada ya Isha tunakutana barazani kwa jirani yangu Shela kucheza poka. (Shela ya Malindi. Watu wa Lamu tulieni.)

Tuko sita: mwenye nyumba, dereva wa tuktuk, fundi wa friji, mama muuza viazi karai, mimi, na mzee mmoja Mtaliano mstaafu ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Yeye ndiye aliyetuletea mchezo. Mwanzo alitufunza briskola, karata zao 40, alipoona tunashika haraka akatuhamisha kwenye poka hii ya Texas, karata mbili mkononi na tano mezani. Hatuchezei pesa. Mwenye nyumba ana debe zima la komwe (kete za bao), kila mtu anahesabiwa 200, na usiku ukiisha zote zinarudi debeni. Ila anayemaliza mkiani ndiye analeta mbaazi wiki inayofuata. Mimi nimeleta mbaazi wiki tano mfululizo. Mke wangu ameanza kuuliza hiyo baraza ina watu wangapi.

Nikisema ree ni esi, mzungu ni kingi, bibi ni kwini, ghulamu ni jeki. Ndivyo alivyonifunza marehemu baba, na kopa, uru, shupaza na pao vilevile, msinicheke. Mzee wa Kitaliano alifurahi sana kusikia kopa na shupaza, maana karata za kwao zina vikombe na panga na majina karibu ni yaleyale. Nikamwambia sisi tuliachiwa na Wareno, pamoja na ile nguzo yao pale ufukweni.

Sasa kisa chenyewe. Alhamisi iliyopita, mkono wa kwanza kabisa wa usiku. Dau la lazima, lile wawili wanaloweka kabla ya kuona karata, dogo ni komwe 1, kubwa ni 2. Nimekaa mara tu baada ya mwenye dau kubwa, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kusema. Nachungulia: ree ya kopa, ghulamu wa pao. Moyo ukaruka. Nikafuata kwa 2. Dereva wa tuktuk akafuata. Mzee akanyamaza kidogo, akasukuma 10. Wale watatu waliobaki wakatupa. Mimi nikalipa, dereva akalipa, fungu likawa 33.

Mezani zikaja ree ya uru, nane ya shupaza, nne ya pao. Nikaweka 20. Dereva akatoka, mzee akafuata. Ikaja tatu ya kopa. Nikaweka 40, mzee akasukuma zake zote 170. Ningefanyaje na mimi nina ree? Nikalipa. Akafunua ree na mzungu. Ya mwisho ilikuwa tisa, haikumsaidia mtu. Yaani nimepigwa na Mzungu mwenye mzungu, komwe 413 zikahamia mbele yake, na mimi hata kahawa sijamaliza nikaanza kuwaza bei ya mbaazi.

Wiki ya nyuma yake nilipata tano mbili nikazitupa bila kulipa hata komwe 2, kwa kuwa ni ndogo. Mezani zikaja tano, tisa, bibi. Nikajiuma ulimi. Baadaye nikapata mzungu wa pao na nne ya pao, nikaingia kwa kuwa ni jamii moja, nikafuata mpaka komwe 30 zikaisha na pao zangu hazikutimia tano.

Nilitafuta kwenye intaneti nikapata jedwali lenye miraba 169, kijani na nyekundu. Nikalichapisha saiba. Nilipoinuka kwenda msalani, kurudi nikakuta mama amefungia viazi karai.

Swali langu: mtu anajuaje, akichungulia tu zile mbili, kwamba hizi ni za kuingia na hizi ni za kutupa? Na msiniambie nisome uso wa mtu. Mezani kwetu uso pekee unaosomeka ni wa bibi wa uru, maana ana alama ya kidole changu cha sifa mgongoni na kila mtu anamjua.

---

PwaniRaha

Rahisi ndugu. Subiri ree mbili au mzungu wawili. Nyingine zote tupa. Mimi sijawahi kuleta mbaazi.

---

Ustadh_wa_Barani

Waaleikum salaam Nahodha. Nitasema langu halafu niwaache. Suratul Maida aya ya 90 inaitaja kamari pamoja na ulevi, nawe unaijua. Utasema ni komwe. Sawa, komwe zinarudi debeni, lakini mbaazi hazirudi. Mtu anapotoa kitu kwa sababu ameshindwa, hapo mmeshagusa lile lililokatazwa, hata kama ni bakuli moja.

La pili limeniuma zaidi. Alhamisi usiku ni usiku wa Ijumaa! Watu wako msikitini wanasoma Yasini, nyinyi mnachanga karata?

---

NahodhaWaKioo

Ustadh, nimekusikia, wallahi. Hili la mbaazi nitalipeleka barazani tupeane zamu tu, ashinde asishinde. Na hilo la usiku wa Ijumaa sina jibu.

---

MgawajiMstaafu (Malindi)

Kaka Nahodha, salaam. Mimi ni mwanamke wa hapahapa, niligawa karata kwenye kasino moja ya pwani miaka tisa. Siku hizi nauza madera na leso. Mgawaji hachezi. Kazi yake ni kugawa, kuhesabu fungu na kunyamaza, na mtu akinyamaza miaka tisa anaona mengi.

Kabla ya yote, nunueni pakiti mpya. Kule kazini karata ikikunjika pembe tu, pakiti nzima inaondolewa mezani. Nyinyi mnamjua bibi wa uru kwa mgongo, halafu unaomba hesabu. Hesabu gani itakayokusaidia ikiwa mwenzio anaona nusu ya mkono wako kabla hujafunua?

Kwa PwaniRaha: ree mbili au mzungu wawili, ukizijumlisha, huja mara moja katika kila mikono 110 hivi. Baraza yao nadhani haifiki hata mikono hiyo kwa usiku mmoja. Atakaa anakunywa kahawa mpaka kaskazi irudi, na siku akipandisha, wote watajua ana nini watupe. Kutoleta mbaazi ni kitu kingine na kushinda ni kitu kingine.

Sasa jedwali. Karata mbili kati ya 52 zinaweza kukujia kwa njia 1,326. Ukiacha kuuliza ni kopa au ni uru, ukaangalia tu kama zimefanana jamii au hazikufanana, zinabaki aina 169: jozi (mbili za cheo kimoja) 13, za jamii moja 78, za jamii mbili 78. Ndiyo miraba yako ile. Haisemi uongo. Ila mraba haujui wewe umekaa wapi, nani ameshaingia, na mzee wako ni mtu wa namna gani. Hayo matatu ndiyo yaliyokula komwe zako 200. Ree na ghulamu hawana kosa.

Tuzihesabu pamoja. Huyo mzee, kwa unavyomweleza, hapandishi ovyo. Tuseme anasukuma 10 akiwa na ree mbili, mzungu wawili, bibi wawili, ghulamu wawili, ree na mzungu, au ree na bibi. Wewe umeshika ree moja na ghulamu mmoja, kwa hiyo njia zake zinapungua: ree mbili njia 3, mzungu wawili 6, bibi wawili 6, ghulamu wawili 3, ree na mzungu 12, ree na bibi 12. Jumla 42. Nionyeshe mkono mmoja humo ambao wewe uko mbele yake. Hakuna. Hata kabla ya karata ya mezani umeshalipa 8 zaidi ili uwe nyuma ya kila alichonacho.

Utasema, lakini ree ilianguka! Ndiyo, na hapo ndipo penye mtego, nakuomba usome polepole. Ree ya uru ikishalala mezani, zimebaki mbili tu ambazo anaweza kuwa nazo. Ree mbili sasa njia 1, ree na mzungu 8, ree na bibi 8. Hizo 17 zote zinakupiga. Mzungu wawili 6, bibi wawili 6, ghulamu wawili 3, hizo 15 sasa unazipiga wewe. Karibu nusu kwa nusu, unaona si mbaya. Haya, ukiweka 20, kisha 40, nani anabaki kukulipa? Mwenye bibi wawili anaiona ree mezani, anaguna, anatupa. Anayeendelea kukulipa ni yule wa 17. Ulikuwa unafurahia ree ileile iliyomfurahisha yeye. Na ree na ghulamu ikikutana na ree na mzungu, hata kabla ya karata za mezani, inashinda kama mara moja katika nne.

Ndiyo maana nikaona watu wanaumizwa na ree na ghulamu, au mzungu na kumi, kuliko wanavyoumizwa na saba na mbili. Saba na mbili kila mtu anaitupa. Hizi nyingine zinavutia macho, na kinachouma ni ile ya pili. Ukiwa na ree, uliza ya pili ni nani, maana ree ikianguka ugomvi utaamuliwa na ya pili.

Kiti nacho. Wewe ulisema wa kwanza, nyuma yako kuna watu watano hawajasema. Ni kama kutoka mlangoni mwa mwamba alfajiri bila kujua mawimbi ya nje yakoje. Ree na ghulamu hiyohiyo, ungekuwa unagawa wewe na wote wametupa kabla yako, ningekwambia pandisha bila kufikiri, maana wamebaki wawili tu wenye madau ya lazima, na mezani utasema wa mwisho kila mara. Mkono hauna thamani yake peke yake. Kwa meza yenu ya sita, mtu wa kwanza kusema mimi ningempa jozi za saba kwenda juu, ree na mzungu, ree na bibi, na ree na ghulamu au mzungu na bibi wakiwa jamii moja. Kiti cha mgawaji, kama hakuna aliyeingia, jozi yoyote, ree na chochote, karata ya kumi pamoja na tisa, au tisa na nane za jamii moja, pandisha tu. Katikati, katikati.

Na ukiingia wa kwanza usifuate kwa 2. Pandisha, 6 hivi, na kama kuna waliokwisha kufuata ongeza 2 kwa kila mmoja. Kufuata kwa 2 ni kumfungulia kila mtu mlango kwa bei ya bure. Hata ree mbili zenyewe: mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda mara 85 katika 100, lakini waache watano wote waingie uone, zinashuka mpaka karibu 49. Ukizificha ili "wasikimbie", umezigeuza kuwa kurusha shilingi.

Jamii moja nisiseme sana. Pao mbili mkononi, pao tatu kushuka pamoja mezani ni mara moja katika 119 hivi. Jamii moja ni chumvi. Mzungu na nne ni wali wa jana, chumvi haiufanyi pilau.

Tano mbili zako ulizitupa vibaya, lakini si kwa sababu tano ilianguka mezani. Tano ya tatu huja kwenye zile tatu za kwanza karibu mara moja katika mara nane na nusu. Kwa komwe 2, na kila mtu ana 200, hiyo ni bei nzuri sana: ikikosa umepoteza 2, ikija unaweza kuchukua fungu zima kutoka kwa mtu mwenye bibi ambaye hawezi kuamini. Hata mtu akipandisha mpaka 10 bado ningelipa, maana ana 190 nyuma. Kipimo changu ni kwamba awe na angalau mara 15 ya ninacholipa. Angekuwa amebaki na 60, ningezitupa, kwani hata ikija hana cha kunilipa.

La mwisho nikupe mtu, si hesabu. Tulikuwa na mteja mmoja mwembamba, anakunywa chai ya tangawizi mpaka inapoa. Nikigawa, watu wote wanainama kuchungulia zao. Yeye karata zake anaziwekea kiganja juu, haziangalii. Anawatazama wenzake wakichungulia. Huyu ameshaanza kuzikusanya za kutupa kabla zamu haijamfikia, yule amekaa wima ghafla na kugusa kete zake. Zamu ikimfika ndipo anainua pembe kwa kidole gumba, kiasi cha kuona alama, anaiachia. Wakati huo nusu ya anachotaka kujua ameshajua. Mikono mingi alitupa. Sikuwahi kumsikia akieleza alichotupa wala kulalamika kilichoanguka baadaye.

---

KijanaWaLangoni (Lamu)

Shela ni yetu, Nahodha, msituibie jina.

Dada Mgawaji, heshima yako, hesabu yako ya 17 na 15 nimeihifadhi. Ila hapa tutatofautiana. Meza ya sita, ree na ghulamu kiti cha kwanza, mimi situpi. Napandisha 6. Mzee akirudisha, yaani akapandisha juu yangu mpaka 20, hapo natupa, nimepoteza 6 na si 200. Asiporudisha ila akafuata tu, basi ree na mzungu si rahisi awe nayo. Kosa la Nahodha ni kuwa alifuata kisha akafuata tena. Yaani mara mbili aliulizwa "una nini?" na mara mbili akajibu "sijui".

Halafu hii ya kwamba mkono mbaya utupwe. Doyle Brunson, Mmarekani, alichukua ubingwa wa dunia 1976 na tena 1977, na miaka yote miwili mkono wa mwisho alikuwa na karata ya kumi na karata ya mbili. Kumi na mbili! Hakuna jedwali linaloruhusu. Mimi hapa simuni nachezea meza za watu tisa, za bure, nikiipata naingia kwa heshima yake, na imeshanilipa.

---

MgawajiMstaafu

Mdogo wangu wa Langoni, imekulipa mara ngapi na imekuchukulia mara ngapi? Unakumbuka ya kwanza tu.

Kwa Brunson: mkono wa mwisho wa mashindano, mezani wamebaki watu wawili. Ukiwa mtu mmoja mbele ya mtu mmoja, zaidi ya nusu ya mikono unayopewa ni ya kucheza, maana huyo mwenzio naye kapewa takataka ileile. Wewe unaiingiza kwenye meza ya tisa. Watu wanane wengine wanapewa karata, na mmoja wao karibu kila mara atakuwa na kitu. Meza ya tisa, viti vitatu vya mwanzo, kaza kuliko nilivyomwambia Nahodha. Jozi ya saba kiti cha kwanza tupa, na ree na ghulamu za jamii mbili tupa.

Kuhusu kupandisha 6 na ree na ghulamu, uko sawa, na ungekuwa wewe ningekuacha. Lakini msome Nahodha alivyoandika: "Ningefanyaje na mimi nina ree?" Mtu asiyeweza kuachia ree ikishaanguka, bora asiishike na mwenzi dhaifu kiti cha kwanza. Akijifunza kuachia, apandishe atakavyo.

---

PwaniRaha

Mimi bado sijaleta mbaazi.

---

NahodhaWaKioo

Dada Mgawaji, Mungu akupe afya. Hesabu ya 17 na 15 nimeifanya upya kwa komwe kwenye sakafu ya boti, moja moja, mpaka mwanangu akadhani nimeanza kupiga ramli. Imetoka sawa. Ila iliniuma kugundua kwamba mzee alikuwa ananisubiri tu niweke, niweke.

Swali moja dogo. Bibi wawili mkononi, nimepandisha, mtu mmoja kafuata, mezani ikaanguka ree. Naachia?

---

MgawajiMstaafu

Ukiwa na bibi wawili, ree au mzungu atatokea kwenye zile tatu karibu mara mbili katika mara tano, kwa hiyo usishtuke kila mara kama umeona jini. Weka dau dogo mara moja. Akilipa, punguza mwendo. Akisukuma nyingi, na ni mzee wako, achia uende ukale viazi.

---

NahodhaWaKioo

Nimerudi na ripoti, maana mlinipa wakati wenu.

Kwanza tumehamia Jumanne. Ustadh, hilo ni lako. Mbaazi sasa ni zamu kwa zamu, haijalishi nani amemaliza mkiani, na zamu ya kwanza kaangukiwa mama wa viazi karai, amelalamika kwamba yeye tayari analeta viazi. Pakiti mpya tumenunua, ya plastiki, haishiki sifa. Ile ya zamani wamechukua watoto, na wao wameshagundua bibi wa uru.

Mkono wa tatu, kiti cha kwanza, nikapata ree ya uru na kumi ya shupaza. Nikamkumbuka dada, nikatupa. Dereva wa tuktuk na fundi wakaingia. Mezani zikashuka ree, ree, kumi. Wallahi nilishika ukingo wa baraza. Dereva akachukua fungu la komwe 22 kwa nane mbili, nane mbili tu, na mimi pale ningekuwa na nyumba nzima, ree tatu na kumi mbili. Nikanyamaza. Nilitaka kusema, mdomo umeshafunguka, nikautia kiazi.

Baadaye, mimi ndiye nagawa, wote wametupa mpaka kwangu, nina mbili mbili. Nikapandisha 6. Wenye madau ya lazima wakatupa. Nikashinda komwe 3. Tatu! Nikaziburuta taratibu kama nimevuta nyavu ya jodari.

Nne mbili nililipa 8 dhidi ya mwenye nyumba, nne haikuja, nikatupa. Tena sita mbili, haikuja. Sana sana nilikaa nimetupa. Mama akaniuliza kama naumwa. Kuelekea saa tano nikapata bibi wawili, nikapandisha, fundi akafuata, mzungu akaanguka, nikaweka 8, fundi akatupa. Sijui alikuwa na nini na sikumuuliza.

Nimemaliza na komwe 171. Sijashinda. Wa tatu kati ya sita. Mzee ndiye wa kwanza kama kawaida, ana mlima mbele yake.

Lakini kwa kuwa sikuwa na karata za kuangalia, nilipata nafasi ya kumwangalia yeye. Kumbe karata akishagawiwa haziangalii. Anaweka kiganja juu, anatutazama sisi tukiinama. Zamu ikimfika ndipo anainua pembe kwa kidole gumba. Na chai yake ya tangawizi ilikuwa imepoa pale kando, hajaigusa.

Dada Mgawaji, yule mteja wako mwembamba alikuwa Mtaliano?

---

MgawajiMstaafu

Nahodha, si nilikwambia kazi ya mgawaji ni kugawa, kuhesabu fungu na kunyamaza?